Nyonga Hulishwa kwa Mwendo

Somo kwa vijana na watu wazima wenye maumivu ya nyonga, na kwa jamaa zao



Watu wengi hudhani ya kuwa maumivu ya nyonga ni ugonjwa wa wazee tu. Babu akichechemea, hakuna anayeshangaa. Lakini katika baraza ya hospitali huketi pia kijana wa miaka ishirini, na mama wa miaka thelathini na mitano mwenye mtoto mgongoni, nao husema neno lile lile: "Nyonga yanichoma. Usiku siwezi kugeuka. Asubuhi mguu ni mkavu kama mti."

Kabla ya kufika hospitali, mgonjwa wa namna hii amekwisha kupewa mashauri mawili. Mmoja amemwambia: "Lala, usitembee, mguu utapona." Mwingine amemwambia: "Jikaze, wewe ni kijana, shika jembe." Mashauri haya yote mawili yaharibu nyonga. Somo hili lataka kuonyesha njia iliyo katikati: jinsi ya kuendelea kutembea na kufanya kazi bila kuusaga mguu, na jinsi ya kuyatawala maumivu bila kuwa mtumwa wa vidonge na sindano.

1. NYONGA ILIVYOUMBWA

Kunja ngumi ya mkono wa kuume. Fanya kiganja cha kushoto kuwa kama kikombe. Ingiza ngumi ndani ya kikombe, uizungushe. Hivyo ndivyo nyonga inavyofanya kazi. Mwisho wa juu wa mfupa wa paja ni mviringo kama mpira mdogo, nao umeingia katika kikombe cha mfupa wa kiuno. Kwa sababu hiyo mguu wako waweza kwenda mbele, nyuma, kando, na kuzunguka.

Juu ya mpira ule na ndani ya kikombe kuna kitu cheupe, chororo, chenye kuteleza. Umekiona mara nyingi mwisho wa mfupa wa paja la kuku. Jina lake ni gegedu. Kati ya gegedu na gegedu kuna ute mzito kidogo, kama mafuta katika gurudumu la baisikeli. Gegedu likiwa zima, mifupa hupitana bila kelele wala maumivu. Gegedu likichakaa na kupasuka, mfupa huanza kusugua mfupa. Hii ndiyo hali tunayoiita kuchakaa kwa kiungo.

Sasa shika neno hili, maana ndilo msingi wa somo lote. Nyama ya mwili hulishwa na damu, lakini gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ule ute. Unapokanyaga, gegedu hubonyezwa kidogo kama kitambaa kilicholowa maji, nalo hutoa uchafu wake. Unapoinua mguu, hunyonya ute mpya wenye chakula. Basi kiungo kisichotembea chafa njaa. Na kiungo kinachotwikwa mzigo kupita kiasi chasagwa. Nyonga hulishwa kwa mwendo, mwendo wa kiasi.

Tena ujue uzito ambao nyonga hubeba. Unapotembea na kusimama kwa mguu mmoja, nyonga ya mguu ule haibebi uzito wa mwili peke yake. Misuli ya kando ya kiuno huvuta kwa nguvu ili usianguke, nayo huongeza mzigo. Kwa hiyo kila hatua yaikandamiza nyonga kwa uzito kama wa mwili wako mara mbili na nusu, hata mara tatu. Mtu wa kilo 60 hukandamiza nyonga yake kwa kilo 150 au zaidi. Akijitwika maji kilo 20, nyonga yaongezewa zaidi sana ya kilo 20. Ndiyo sababu kilo chache za kupunguza, katika mwili au katika mzigo, huleta nafuu kubwa.

2. MAUMIVU YA NYONGA HUSIKIKA WAPI?

Watu wengi wakisema "nyonga" huonyesha tako au kiuno. Mara nyingi maumivu ya hapo yatoka mgongoni. Maumivu ya kiungo chenyewe husikika zaidi mbele, katika kinena, nayo hushuka katika paja. Mara nyingine husikika gotini tu! Mtoto anayechechemea na kulia kwamba goti laumwa, huku goti halina uvimbe wala jeraha, lazima apimwe nyonga pia. Mgonjwa wa nyonga hushindwa kuvaa kiatu, kukata kucha za miguu, kuchutama chooni, na kupanda baisikeli. Asubuhi huwa mkavu kwa dakika chache, kisha akitembea kidogo hulegea.

3. KWA NINI NYONGA YA KIJANA YACHAKAA?

Nyonga ya mzee huchakaa polepole kwa miaka mingi. Nyonga ya kijana mara nyingi ina sababu yake, nayo yafaa itafutwe.

(a) Ugonjwa wa SS, ndio seli mundu. Katika nchi yetu ya Kongo hii ni sababu kubwa. Damu ya mtu wa SS ina chembe zinazojikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mpira wa nyonga hulishwa na mishipa michache tu; ikizibwa, mfupa wafa ndani, kisha waporomoka kama ukuta wa matofali uliolowa, na gegedu la juu laharibika pamoja nao. Waganga walipopima watoto wachanga zaidi ya elfu thelathini huko Kinshasa, katika kazi iliyoandikwa mwaka 2009, waliona kwamba karibu watoto 17 katika 100 hubeba alama moja ya ugonjwa huu bila kuugua, na zaidi ya mtoto 1 katika 100 anao ugonjwa wenyewe. Kijana mwenye SS anayeanza kuumwa na kinena asingoje.

(b) Dawa za kunenepesha. Vijana wengi, hasa dada zetu, hununua sokoni vidonge vya deksametazoni ili mashavu na matako yajae. Wengine hupewa dawa hiyo ndani ya unga au sindano bila kuambiwa jina lake. Dawa hii ni njema mikononi mwa mganga, kwa ugonjwa wake na kwa siku zake. Lakini ikitumiwa bila kipimo kwa miezi, yaweza kuua mfupa wa nyonga, tena nyonga zote mbili. Angalia: aliyeinywa kwa muda mrefu asiiache kwa ghafula siku moja, maana mwili waweza kuanguka. Na aje hospitali, tumsaidie kuipunguza polepole.

(c) Lutuku na pombe nyingine kali. Anywaye sana kwa miaka huharibu ini, na tena huharibu damu inayolisha mpira wa nyonga.

(d) Magonjwa ya utotoni. Usaha ndani ya kiungo, kifua kikuu cha mfupa, mfupa uliolegea wakati wa kukua, au nyonga iliyozaliwa haikukaa vizuri katika kikombe chake. Mtoto hupona, lakini kiungo chabaki na kasoro, na miaka ishirini baadaye chaanza kuuma.

(e) Majeraha. Kuanguka mtini, ajali ya pikipiki, kuporomokewa na udongo machimboni.

Hujaona uchawi katika orodha hii. Kijana akichechemea, jamaa wengine humtafuta aliyemroga, na mara nyingi humshitaki nyanya au mke wa baba. Ndugu, ugonjwa wa SS hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, wala haurushwi na mtu. Fedha za mfumu zingetosha kupiga picha ya mfupa. Ujue pia kwamba picha ya kwanza yaweza kuonekana nzuri, kumbe mfupa umeanza kuugua. Maumivu yakiendelea, rudi upigwe picha tena.

4. JIFUNZE KUPIMA MAUMIVU YAKO

Mgonjwa huogopa kwamba kila maumivu ni dalili ya kuharibika. Si hivyo. Misuli iliyolala kwa miezi huuma inapoamshwa. Lakini yako maumivu yanayosema "simama". Utayapambanuaje?

Tumia vidole vyako kumi. Kidole 0 ni kutoumwa kabisa. Vidole 10 ni maumivu makali kupita yote unayoweza kufikiri.

Maumivu ya vidole 0 hadi 2: endelea bila hofu.
Maumivu ya vidole 3 hadi 5: yaruhusiwa. Endelea kwa uangalifu, usiongeze.
Maumivu zaidi ya 5: punguza. Fanya nusu, au chagua zoezi jepesi.

Kisha ujiulize kesho yake asubuhi. Ikiwa maumivu yamerudi katika hali yake ya kawaida, kazi ya jana ilikuwa ya kiasi. Ikiwa yamezidi hata siku ya pili, ulipita kiasi. Punguza, lakini usiache kabisa. Kipimo cha namna hii hutumika huko Denmaki, katika mafundisho kwa wenye viungo vilivyochakaa yaliyoanza mwaka 2013. Wagonjwa huko hufundishwa habari za kiungo, kisha hufanya mazoezi mara mbili kila juma kwa majuma sita. Mkeka, kiti na mlango vyatosha kwa mazoezi ya somo hili, navyo viko hata Kabondo-Dianda.

Lakini angalia, wewe mwenye SS: kipimo hiki si cha siku za shambulio. Maumivu ya shambulio yakishika mifupa, pumzika, kunywa maji mengi, jifunike usipate baridi, nawe uje hospitali. Na kama mganga amekwisha kukuambia kwamba mpira wa nyonga wafa au umeanza kuporomoka, usiukanyage mguu kwa nguvu. Tembea kwa magongo kwa muda atakaokuambia, nawe ufanye mazoezi ya kulala tu mpaka akuruhusu mengine.

5. MAZOEZI SITA

Yafanye kila siku, asubuhi mwili ukiisha kupata joto, au jioni baada ya kuoga maji ya moto. Anza na mara 5 kila zoezi. Baada ya juma moja fanya 8, kisha 10. Usishike pumzi.

Zoezi la kwanza. Lala chali juu ya mkeka. Vuta kisigino kikitambaa kuelekea tako, kisha ukinyoshe tena polepole.

Zoezi la pili. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Inua matako juu, hesabu hadi 5, shuka. Hili laimarisha misuli ya nyuma.

Zoezi la tatu. Lala kwa ubavu, mguu mgonjwa uwe juu. Uinue ukiwa umenyoka, usiupeleke mbele. Hesabu hadi 3, uushushe. Misuli hii ya kando ndiyo inayomzuia mtu asiyumbe kama bata anapotembea.

Zoezi la nne. Lala kifudifudi dakika 10. Ni pumziko, lakini lina kazi kubwa. Mgonjwa wa nyonga hupenda kuketi na kulala amekunja mguu, na mwisho mguu hukaa hivyo hivyo, haunyoki tena. Kulala kifudifudi hunyosha mbele ya nyonga. Usiweke mto chini ya goti usiku kucha.

Zoezi la tano. Keti katika kiti imara, kisichokuwa kifupi. Simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha keti polepole. Ukishindwa, anza kwa kushika meza.

Zoezi la sita. Shika mlango au ukuta. Simama kwa mguu mmoja, hesabu hadi 10. Badili mguu.

Zaidi ya hayo, tembea. Anza na dakika 10, mara mbili kwa siku, mahali pa tambarare, ukivaa viatu vyenye nyayo laini. Kila juma ongeza dakika chache. Aliye na baisikeli isiyo na mzigo na apande, maana uzito wa mwili hukaa juu ya kiti na nyonga yazunguka bila kugongwa. Inua kiti ili goti lisikunjike sana, nawe uchague njia isiyo na mlima.

Usihukumu mazoezi kabla ya majuma sita. Jembe jipya halilimi shamba siku moja.

6. KAZI ZA KILA SIKU

Hakuna atakayekulimia wala kukutekea maji miaka yote. Basi tufundishane kufanya kazi kwa akili.

Fimbo. Ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzuri. Wengi huishika upande wa mguu mgonjwa, na hivyo hupata faida ndogo. Ukiishika upande wa pili, fimbo husaidia ile misuli ya kando, na mzigo wa nyonga hupungua sana. Urefu wake: simama wima, mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike penye kifundo cha mkono. Peleka fimbo mbele pamoja na mguu mgonjwa. Fimbo si aibu ya uzee; ni mguu wa tatu unaoilinda miguu miwili.

Mzigo. Hapa sheria ni kinyume: kikapu cha mkononi kibebe upande wa mguu mgonjwa. Kikiwa upande wa pili, misuli yavuta zaidi na nyonga yakandamizwa zaidi. Maji uyateke mara mbili kwa ndoo ndogo kuliko mara moja kwa bidoni kubwa.

Ngazi na vilima. Ukipanda, tanguliza mguu mzuri. Ukishuka, tanguliza fimbo na mguu mgonjwa.

Shamba. Jembe lenye mpini mrefu lisilokuinamisha sana ni bora. Lima nusu saa, simama, nyosha mgongo na nyonga, kisha endelea. Usimalize mstari wote kwa sababu ya haya tu. Palizi ya mihogo yaweza kufanywa umeketi juu ya kigoda kinachohamishwa.

Jikoni. Usiketi juu ya kigoda kifupi magoti yakiwa juu ya kiuno. Panga matofali, inua jiko la makala, upike ukiwa umesimama au umeketi juu ya kiti. Kusonga bukari kwahitaji nguvu: simama miguu imepanuka kidogo, sufuria isitikisike. Kutwanga sombe mpe mwingine, au twanga kidogo kidogo.

Choo. Kuchutama ni adhabu kwa nyonga iliyochakaa. Chukua kiti cha mbao, toboa tundu katikati, kiweke juu ya shimo. Seremala atakitengeneza kwa muda mfupi, na jamaa nzima watakishukuru siku za uzee.

Baisikeli ya mizigo. Vijana wanaosukuma magunia ya makala, au samaki wa Lualaba kutoka upande wa Bukama, husukuma siku nzima huku mwili umepinda upande mmoja. Kazi hii ni ngumu kuliko zote kwa nyonga mbovu. Punguza magunia, badili upande wa kusukuma, usitembee peke yako. Na kama nyonga yaendelea kuharibika, tafuta kazi nyingine mapema ungali na nguvu ya kujifunza: kushona, kutengeneza simu, kuuza karibu na stesheni ya gari la moshi, kufundisha watoto.

Kitanda na ndoa. Tandika kitanda kisiwe chini sana. Lala kwa ubavu wa mguu mzuri, weka mto kati ya magoti. Wenye ndoa wasione haya kumwuliza mwuguzi kwa siri jinsi ya kukaa pamoja bila maumivu. Na mama mwenye nyonga ngumu isiyopanuka asizalie nyumbani. Aje kupimwa kabla ya siku zake kutimia.

7. KUTULIZA MAUMIVU

Anza na vitu visivyo na hatari. Chovya kitambaa katika maji ya moto, kamua, jaribu kwa mkono usije ukaungua, kiweke juu ya kinena na paja dakika 15. Kanda misuli polepole kwa mafuta ya ngazi, lakini usivute mguu kwa nguvu wala usikubali kukanyagwa kiunoni. Mwenye SS asitumie barafu wala maji ya baridi.

Kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500: mtu mzima aweza kunywa viwili, mara tatu kwa siku, akiacha saa 6 kati. Mtu mwembamba sana, mnywaji wa pombe, au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza, maana kipimo chake ni kidogo zaidi.

Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi, na hatari zaidi. Huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Zinywe baada ya chakula, kwa siku chache, wala usichanganye hizo mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo, mwenye presha na mama mwenye mimba wasizinywe bila mganga. Mwenye SS vilevile aulize, maana figo zake ni dhaifu.

Wakati mzuri wa kunywa kidonge ni kabla ya mazoezi au kabla ya usingizi. Kunywa kidonge ili uweze kubeba gunia zito ni kujidanganya: umemnyamazisha mlinzi, nawe umewafungulia wezi mlango.

Mwenye SS azungumze na mganga juu ya dawa iitwayo hidroksiyurea. Katika kazi iliyoandikwa mwaka 2019, iliyofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, dawa hii ilipunguza mashambulio ya maumivu, malaria na vifo. Huhitaji kupimwa damu mara kwa mara.

8. MAMBO YA KUKATAA

Kataa sindano za matako za kila juma kutoka kwa mtu asiyejulikana. Sindano iliyopigwa mahali pabaya yaweza kuua mshipa wa fahamu, na mguu ukabaki umelegea.
Kataa tramadoli ya sokoni. Hutuliza leo, kesho yakudai, na mwisho huwezi kuishi bila hiyo.
Kataa chale juu ya nyonga. Dawa ya unga katika kidonda haifiki kwenye kiungo, lakini wembe mchafu huleta magonjwa ya damu.
Kataa mtu anayekuambia utupe dawa ili uonyeshe imani. Kuomba na kunywa dawa havigombani.

9. KIMBILIA HOSPITALI

Usingoje juma liishe ukiona moja ya mambo haya:

Homa pamoja na nyonga inayouma hata huwezi kukanyaga. Kwa mtoto huenda ni usaha ndani ya kiungo, na saa chache zaweza kuokoa mguu.
Umeanguka, na mguu umekuwa mfupi au umegeukia nje.
Maumivu ya usiku yasiyotulia, pamoja na kukonda, kikohozi au jasho la usiku.
Mguu umekufa ganzi au umelegea, au mkojo umezuilika.
Mtoto au kijana anayekua ameanza kuchechemea bila sababu.

10. HABARI ZA KUPASULIWA

Mnamo Novemba 1962 mganga John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, alianza kuweka nyonga ya namna mpya: mpira wa chuma na kikombe cha plastiki ngumu. Kazi hiyo imewainua mamilioni ya watu. Lakini nyonga ya chuma nayo huchakaa. Uchunguzi ulioandikwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yake hudumu miaka 25. Kwa mtu wa miaka 70 yatosha. Kwa kijana wa miaka 25 maana yake ni kupasuliwa tena, labda mara mbili, nayo mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Tena kazi hii hufanywa katika miji mikubwa, na gharama yake ni kubwa kwa jamaa nyingi.

Kwa hiyo kila mwaka ambao nyonga yako mwenyewe yakutumikia ni faida. Mazoezi hayarudishi gegedu lililokwisha kuondoka. Usidanganywe na mtu. Lakini misuli yenye nguvu huipunguzia nyonga mzigo, na wengi huumwa kidogo, hutembea zaidi, na siku ya kupasuliwa, kama ipo, yasogezwa mbele. Tena mwenye misuli mizuri hupona upesi akipasuliwa. Lakini maumivu yakikunyima usingizi na kazi hata baada ya kushika haya yote, usijifiche nyumbani kwa kukata tamaa. Omba barua ya kupelekwa kwa mganga wa mifupa.

11. NENO KWA JAMAA NA KWA KANISA

Kijana aliyekuwa mchezaji wa mpira wa miguu, sasa ameshika fimbo, huumia moyoni kuliko nyongani. Msimwite mvivu. Asubuhi yu mzuri, mchana ameshindwa. Huo si uongo, ndivyo ugonjwa ulivyo. Wala msimfanye mfalme wa kulala kitandani na kuletewa kila kitu. Mpeni kazi inayomfaa.

Wazee wa kanisa, wekeni kiti kirefu kimoja au viwili karibu na mlango kwa wenye viungo vibaya, mwambieni mgonjwa kwamba aweza kuomba ameketi au amesimama. Goti lisilopigwa chini si ukosefu wa heshima. Katika Mwanzo sura ya 32 twasoma habari za Yakobo aliyeteguka uvungu wa paja usiku kule Penieli. Kulipokucha alikuwa akichechemea, wala hakulala pale. Alikwenda mbele, akafika kwa Esau ndugu yake.

MAULIZO

1. Gegedu hupata chakula chake kutoka wapi?
2. Kwa nini kulala siku zote huharibu nyonga? Kwa nini kubeba mizigo mizito nako huiharibu?
3. Taja sababu tatu za nyonga ya kijana kuchakaa.
4. Ulifanya mazoezi jana, na leo asubuhi maumivu yamezidi. Utafanya nini?
5. Fimbo hushikwa mkono gani? Kikapu hubebwa mkono gani?
6. Ni nani asiyepaswa kunywa ibuprofeni bila kumwuliza mganga?
7. Mtoto ana homa na hawezi kukanyaga. Utangoja hadi lini?
8. Katika nyumba yako, ni kitu gani kimoja utakachobadili juma hili kwa ajili ya mwenye nyonga mbovu?